Jina Nililolidai Uwanjani Maple Grove

Wenzangu wa meza ya Jumapili, mmeniuliza mara nyingi mechi ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa neno moja, "Tulishinda," kisha nabadilisha mazungumzo. Juzi Kimani akasema uzee umeniongezea majivuno, ati nimefika Amerika na sasa sitaki kukaa na watu wa Nakuru. Si majivuno. Habari hii ikianzwa kusemwa lazima ifike mwisho, na mwisho wake sina nguvu ya kuutoa kwa mdomo. Kwa hiyo nimeuandika. Someni, halafu msiniulize tena.

Nairobi

Mnakumbuka nilivyowachosha kabla ya kuondoka. Mwanangu Muchiri alikuwa amenipigia simu akasema, "Mzee, kijana anacheza. Ile mechi ya raga ya Wakenya na Waganda wa huku. Njoo umwone ungali na miguu."

Nilimuuliza maswali mengi. Anacheza nafasi gani? Winga. Winga! Kwa nini si mbele, kwenye skramu ya kusukumana, kama mimi? Muchiri akacheka, akasema huyo ni mwembamba kama mama yake. Nikauliza hali ya hewa, nikauliza nyasi zao ni za kweli au za plastiki. Swali la upande gani sikuliuliza. Ningeliulizaje? Kijana ni kifungua mimba wa kifungua mimba wangu, na kwa desturi yetu ana jina langu, Ndirangu. Ninyi mnajua maana yake. Mjukuu aliyepewa jina lako ndiye wewe umerudi. Muchiri mwenyewe tangu kijana azaliwe humwita "baba," na hakuna anayecheka.

Kwenye uwanja wa ndege msichana mmoja aliyekuwa akikagua mizigo aliniuliza naenda kufanya nini huko mbali.

"Kucheza raga," nikasema.

Akanitazama fimbo yangu. "Na huo umri, guka?" Aliniita babu, kwa Kikuyu chetu.

"Si mimi huyu. Ni yule mwingine."

Alicheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini. Nilipanda ndege nikiwa na moyo mwepesi kama wa mtu anayekwenda kuoa.

Amsterdam

Hapo tulikaa siku nzima. Walisema kuna ngurumo na upepo mkali Minneapolis, ndege haiwezi kutua, na kila tulipodhani tunaondoka walitangaza tena. Nilikaa kando ya mama mmoja wa rika langu, Mganda wa Mukono, anakwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Alikuwa na bakuli la kabalagala, vile vitumbua vyao vya ndizi, amevifunga kwa kitambaa. Mimi nilikuwa na njaa, na chakula cha pale sikukielewa bei wala sura.

"Kula, ssebo," akasema, ndivyo wanavyomwita bwana kwao. "Mtoto wangu hatajua nilibeba vingapi."

Nilikula. Na huku nikila vitumbua vyake nikamsimulia mechi ya vijana wetu, na ile yangu ya zamani, ambayo ninyi mmeisikia hadi mmeikariri. Mwaka ule jenerali aliyetawala Kampala alisema nchi yake inafika karibu na Nairobi. Sisi wa reli tuliambiwa mizigo ya Uganda isipite, na katikati ya hayo yote timu yao ikaja Nakuru kucheza nasi. Nikamweleza jinsi uwanja ulivyojaa watu ambao hawakujua raga ni nini, wamekuja tu kuona Mganda akiangushwa. Nikamwonyesha pengo la meno yangu mawili. Nikamwambia tuliwafundisha mpaka wa nchi unaishia wapi.

Mama yule alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akakunja kitambaa chake.

"Ssebo," akasema, "hiyo vita bado mnaipigana? Kwetu, walioileta tulishawazika."

Nilicheka nikidhani ni mzaha mzuri. Nikachukua kitumbua cha mwisho.

Columbia Heights

Muchiri anakaa Columbia Heights, kaskazini kidogo mwa Minneapolis, ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu. Ni mahali pa watu wa kawaida: gari kuukuu nyingi, watoto wengi, basi inapita mlangoni. Mkewe, Nabwire, mnamjua kwa picha. Ni Msamia wa Busia, upande wa Uganda, ingawa mjomba wake ana shamba upande wa Kenya na wao huvuka kwenda kuazimana jembe. Wakati wa harusi nilikuwa nimesema, nikiwa na bia mkononi, kwamba Msamia si Mganda kamili, kwa hiyo nimemkubali. Naye alicheka. Ni mwanamke mwenye adabu, na adabu yake nimeitumia vibaya miaka yote.

Jioni ya kwanza alipika samaki na ugali, akaita kutoka jikoni, "Baba, chakula tayari!" Nikainuka. Kijana naye akainuka kutoka chumbani kwake. Tukagongana mlangoni.

"Baba yupi?" nikauliza.

"Wote wawili," akasema Nabwire. "Nyumba hii ina baba watatu na mama mmoja, ndiyo sababu nimechoka."

Kijana amekuwa mrefu kunipita. Ana macho yangu, na masikio yangu pia, pole kwake. Kiswahili anakielewa chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu. Mimi namwuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na tulizoea baada ya siku mbili. Husomea uuguzi asubuhi, na mara tatu kwa wiki hufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Muchiri naye ni muuguzi, anafanya zamu mbili. Nilimwona zaidi akiwa amelala kwenye kochi na viatu vyake.

Jumatano, mchana, nilikuwa peke yangu king'ora kikaanza kulia mji mzima. Nilidhani ni vita. Nililala chini ya meza ya chakula, nikamwomba Mungu anitunzie kijana. Jirani, mzee Msomali aliyewahi kukaa Isiolo, alisikia nikiomba kwa sauti akagonga mlango.

"Mzee, toka huko chini. Wanajaribu tu king'ora cha kimbunga. Kila mwezi wanajaribu."

"Na siku ya kimbunga chenyewe mtajuaje?"

"Siku hiyo," akasema, "utaona Wamarekani nao wako chini ya meza."

Nawaandikia haya ili mjue kwamba nilicheka huko pia. Zilikuwa siku nzuri, na uzuri wake ndio unaoniuma.

Frogtown

Alhamisi kijana alinichukua tukale Saint Paul. Tulipanda basi ya Central Avenue hadi mjini, kisha treni inayopita katikati ya barabara ya University. Treni ilisimama njiani muda mrefu, hakuna aliyelalamika, kila mtu alitazama simu yake. Kijana alikuwa amenishika mkono kuanzia nyumbani, na hata tulipokaa hakuuachia.

Tuliteremka Frogtown. Mitaa ile ina maduka ya Wahmong wa Asia na Wavietnamu, ya Waoromo, ya watu nisiojua ni wa wapi, ukutani maandishi ambayo hata kuyashika kwa macho huwezi. Tukaingia kwenye mkahawa mdogo. Mwenye mkahawa, mzee mdogo wa umbo, aliniletea supu ya tambi kwenye bakuli kubwa kama la kunawia uso. Sikujua jinsi ya kuzishika zile tambi. Alisimama akinitazama nikihangaika, nikatabasamu kwa aibu, akaliona pengo langu. Akafungua mdomo wake: naye hana meno ya mbele. Tukacheka wote wawili, hatuna hata neno moja la pamoja, akaniletea kijiko na nyama ya ziada.

Hapo ndipo kijana aliweka vijiti vyake chini.

"Guka," akasema kwa Kiingereza, "kuhusu Jumamosi. Kuna kitu nataka ujue kabla."

"Unaogopa," nikamwambia. "Najua. Hata mimi niliogopa."

"Siogopi. Ni kwamba mimi—"

"Ngoja nikwambie kitu." Nikaanza ile ya jenerali, na reli, na mizigo. Nilisimulia hadi supu yake ikapoa. Nilimwonyesha tulivyoshikana kwenye skramu, nikasukuma meza, chupa ya pilipili ikaanguka. Nikamwambia, "Siku ile nilijua mimi ni nani. Wewe Jumamosi utajua."

Akachukua kitambaa akafuta pilipili, akaniambia, "Sawa, Guka." Alijaribu tena tukiwa kwenye treni ya kurudi, nadhani, kwa sababu aliniita mara mbili. Mimi nilikuwa nimeanza kusinzia.

Maple Grove

Kiwanja kilikuwa Maple Grove, upande wa kaskazini-magharibi, kwenye bustani kubwa nyuma ya maduka. Nyumba za huko ni kubwa na hazina kelele. Watu walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia. Muchiri alinieleza ndani ya gari, "Siku hizi watu wanaogopa kukusanyika, Mzee, watu wa uhamiaji wanakamata. Hata wenye makaratasi." Lakini waliokuja walikuja kwa dhati. Kulikuwa na bendera, vuvuzela, mbuzi wa kuchoma, akina mama wenye sare zao za hospitali waliotoka zamu moja wakingoja nyingine.

Na maneno! Waganda walikuwa upande wa pili wa uwanja, na matusi yalivuka nyasi kama mpira.

"Rudisheni kisiwa chetu!" wakapiga kelele wetu, kwa sababu ya kile kijisiwa cha ziwani ambacho serikali zetu hugombania.

"Chukueni!" akajibu Mganda mmoja mnene. "Lakini samaki watabaki kwetu, wanajua pa kupikwa!"

"Leo mtapondwa kama matoke!"

"Na nyinyi mtasongwa kama ugali, tena bila mboga!"

Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha mbele, shali ya rangi za bendera yetu shingoni. Kijana alikuwa ameondoka asubuhi na mapema na mjomba wake Wandera, kaka yake Nabwire. Nilimwona Wandera ng'ambo akiwapanga Waganda, yeye ndiye mkufunzi wao, nikadhani alimpa tu kijana lifti. Nabwire hakuwa amekaa karibu nami. Nikadhani anawasaidia wapishi.

Basi mwenye kipaza sauti, muuguzi mmoja wa Murang'a aitwaye Chege, akatangaza kwamba mwaka huu tuna mgeni, mzee aliyecheza na Waganda siku za moto, naye ndiye atakayewasalimu wachezaji. Desturi yao ni kwamba timu zote zinajipanga, mgeni anapita na kipaza sauti, kila mchezaji anataja jina lake na kwao. Nikaanza na wetu. Vijana wa Kericho, wa Kakamega, wa Nyeri, waliozaliwa huko na waliozaliwa huku. Nikafika mwisho wa mstari, na Ndirangu hayumo.

Nikageuka kwa Waganda. Alikuwa wa mwisho kabisa, amevaa jezi yao nyeusi, anatazama nyasi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipigwa na mshtuko nikaropoka. Watu wangenisamehe haraka. Lakini mstari ulikuwa mrefu. Nilimsalimu wa kwanza, wa Mbale, nikamsalimu wa pili, wa Jinja, nikawashika mikono wote kwa tabasamu, na huku nikipita nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa na nafasi ya kuyaacha. Niliyanoa.

Nikamfikia. Nikamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Ndirangu," akasema. Akasita. "Columbia Heights."

Nikakirudisha kwangu. Nikasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, "Jina hilo ni langu. Halijawahi kuchezea Uganda. Lirudishe."

Uwanja ulilipuka. Wetu walicheka mpaka wakashika magoti, hata Waganda wengine walicheka. Mnaelewa kwa nini. Kwetu jina halirudishwi. Mtoto akishaitwa ameitwa, hata akiwa mwizi, hata akikupiga. Kila Mkenya pale alijua nimesema jambo lisilowezekana, kama kumwambia mtu arudishe damu, kwa hiyo wakalichukua kuwa ni tusi tamu kuliko yote ya siku ile. Kijana pekee hakucheka. Yeye alizaliwa huko. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jina halirudishwi.

Na mimi je? Mimi sikuwa natania. Kicheko kiliponifikia ndipo nikajifanya natania. Nikainua fimbo juu.

Mechi ikaanza, na wetu wakapata wimbo. Kila kijana alipoupata mpira waliimba, "Rudisha jina! Rudisha jina!" huku wakipiga ndoo. Alicheza vizuri, nisidanganye. Alikuwa na mbio ambazo mimi sikuwahi kuwa nazo. Mara mbili alituvunja ukingoni na mara mbili tulimshika karibu na mstari. Nilikuwa nikiimba. Ndiyo, niliimba pia. Kwa muda wote ule sikumtazama Nabwire hata mara moja, ingawa nilijua yuko wapi.

Mwisho wa mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi tatu. Waganda wakautoa mpira haraka kutoka skramu, ukapita mikononi, ukamfikia kijana akiwa peke yake. Hakukuwa na mtu mbele yake. Alihitaji kukimbia tu na kuuweka chini nyuma ya mstari wetu, na wangeshinda. "Rudisha jina! Rudisha jina!" Akageuza kichwa. Alitazama upande wetu, alinitafuta mimi, na mpira ukamponyoka mikononi ukaanguka mbele. Kuuangusha mbele ni kosa, na muda ulikuwa umekwisha; refa akapuliza.

Wakaninyanyua. Vijana wa timu yetu, jasho na tope, walinibeba mabegani kunizungusha uwanjani wakisema mzee ndiye aliyeshinda mechi. Miaka karibu hamsini nilikuwa sijabebwa. Kutoka juu kule nilimwona amepiga magoti palepale, na Wandera amemwekea mkono mgongoni.

Waliponiteremsha alikuja. Alitembea katikati ya watu wetu nao wakampisha, wengine wakimpigapiga bega, "Pole, bro, umecheza." Akasimama mbele yangu. Akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, kila neno limesimama peke yake:

"Guka. Nimelirudisha."

Wale walionizunguka wakashangilia. Na mimi, kwa kudhani naye ameingia kwenye mchezo, kwa kufurahi kwamba mjukuu wangu anajua kushindwa kiume, nikamshika mkono nikasema, "Asante."

Barabara ya kurudi

Kijana hakurudi nasi. Nabwire alipanda gari la kaka yake. Nilikaa na Muchiri peke yetu, naye alikuwa akiendesha bila redio. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni, barabara inatengenezwa, magari yamesimama hadi upeo wa macho.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema.

"Ningekuambia ungekuja?"

Nikaivua ile shali shingoni.

"Nani alimfundisha raga, Baba? Mimi? Mimi nilikuwa kazini. Tangu akiwa mdogo, kila Jumamosi, Wandera alikuja kum-pick. Alimnunulia viatu. Alimfundisha kuanguka bila kuumia. Hiyo ndiyo timu anayoijua. Hakuchagua Uganda. Alikwenda na mtu aliyekuja kumchukua."

"Ulikuwa mzaha," nikasema.

Muchiri alinitazama muda mrefu, kwa kuwa magari hayakuwa yakienda popote. "Mimi nimekaa na wewe nyumba moja miaka kumi na minane," akasema. "Usinieleze mimi mizaha yako."

Saint Paul

Kijana alihamia kwa Wandera, Saint Paul. Nilingoja siku tatu nikidhani atarudi kuchukua nguo. Alikuja kuzichukua nikiwa kanisani na Muchiri. Siku ya nne nilimwomba Muchiri anipeleke.

Wandera alinifungulia mwenyewe. Ningemwelewa kama angenifungia. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akanipa kiti kizuri, mkewe akaleta matoke na mchuzi wa karanga. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Chakula kilikuwa kitamu na sikuweza kukimeza.

"Mzee," Wandera akasema tulipomaliza, "nikuulize kama mtoto wako. Kwenu, jina linaweza kurudi?"

"Haliwezi. Hata siku moja."

"Mimi nilimwambia hivyo. Nilimwambia hao Wagikuyu wana mizaha mikali. Akaniuliza, mbona Guka alisema asante?"

Kijana alitoka kazini jioni, bado na sare yake, ananuka sabuni ya hospitali. Alinisalimu kwa heshima. Alinikumbatia hata. Akaniuliza kama nimekula, kama mgongo unaniuma, akaniletea mto wa kuegemea. Nilifahamu ndivyo anavyowahudumia wazee wa pale kazini.

Nikamweleza yote. Nikasema jina halirudishwi, kwamba nilisema kwa hasira na kiburi, kwamba nilikuwa na muda wa kunyamaza na sikunyamaza. Nikasema kosa ni langu, wala si la desturi, wala si la Uganda. Nikamwomba msamaha. Mnajua sijawahi kumwomba mtoto msamaha maishani mwangu. Niliinuka kabisa kwenye kiti.

"Nimekusamehe, Guka," akasema, kwa Kiingereza sasa. "Kweli. Sina hasira."

"Basi rudi nyumbani. Lichukue."

Akatafakari. Hakuwa anatafuta neno la kuniumiza. Hicho ndicho kilichonikatisha tamaa zaidi, kwamba alikuwa mpole.

"Nilikuwa nadhani ni langu," akasema. "Sikujua kwamba ni lako. Siwezi kukaa na kitu ambacho mwenyewe anaweza kukiomba mbele ya watu."

Nikamwambia sitaliomba tena. Akasema anajua. Akanisindikiza hadi kwenye gari, akanifungia mkanda wa kiti, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Nyumbani

Ndege ya kurudi haikuchelewa popote. Amsterdam nilipita kama mtu anayevuka barabara. Sikuzungumza na mtu, sikupewa chakula cha mtu.

Tangu nirudi nimempigia mara nyingi. Kijana hujibu ujumbe wangu, hunitakia afya njema, huuliza kuhusu mgongo. Kwenye simu za Muchiri nimekuwa nikingoja nimsikie akimtaja kwa "baba," kama zamani. Hamwiti hivyo tena. Anasema "kijana," anasema "huyu," anazunguka zunguka kama mtu anayekwepa shimo barabarani. Miaka kumi na tisa nilikuwa nyumbani kwao hata nikiwa Nakuru. Kila walipomwita kula, kila walipomgombeza, ni mimi walikuwa wakiniita. Sasa siitwi.

Ninyi mtasema ni kijana, atasahau. Kimani atasema tutume wazee wakazungumze naye. Wataenda kumwambia nini? Hajakosea. Hata hasira ya kutulizwa hana.

Jumapili iliyopita, mlipokuwa mkiningoja mezani, nilikuwa nimempigia Nabwire. Nilijua kijana amekuja kuwasalimu, nikasikia sauti yake sebuleni akicheka na baba yake. Nikaomba niongee naye.

"Ngoja, baba," Nabwire akaniambia. Kisha akageuza simu, lakini hakuiziba vizuri. "Ouma!" akaita. "Ouma, njoo, simu yako!"

Ouma lilikuwa jina la marehemu baba yake Nabwire. Sikuwa nimeambiwa.

Nikamsikia akiuliza kutoka mbali, "Ni nani?"

Mama yake alikuwa bado ameshika simu. Nilimsikia akipumua. Alikuwa akitafuta aseme mimi ni nani, na mimi huku nilikuwa nikitafuta pamoja naye.